Mzee wa Kanda na Wimbo Wake Mmoja

Sijui alizaliwa wapi hasa, na yeye hakupenda kuulizwa. Ukimwuliza kwao ni wapi alikujibu, "Namba kumi na nne," akimaanisha nyumba yake pale Aston, iliyotenganishwa na yetu kwa ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua saa anayokohoa na saa anayobandika birika. Wakenya wa Birmingham walimwita Mzee wa Kanda. Wiki yangu ya kwanza mtaani nilidhani nyuma ya ukuta ule kuna Mzungu, maana kutwa nzima nilisikia fidla, filimbi na wanaume wakiimba kwa pamoja Kiingereza cha ajabu. Siku moja nilitoka kazini hospitalini asubuhi, usingizi umenijaa machoni, nikaenda kugonga mlango nikiwa nimejiandaa kugombana. Akafungua mzee wa Kiafrika, mrefu, amevaa tai na sweta ya kijivu. Akaiangalia sare yangu ya unesi, akaniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Karibu, Sista. Vua viatu, kaa pale, na usiongee mpaka huyu amalize."

Nikakaa. Aliyekuwa anapiga ni mpiga fidla wa Donegal, kule kaskazini ya Ayalandi, na hakuwa na haraka ya kumaliza. Alipomaliza, Mzee aliitazama ile redio kaseti akaiambia kwa sauti ya chini, "Mtu mzuri." Ndipo akanigeukia. "Sasa sema. Umekuja kulalamika?"

Nikasema hapana, nimekuja kukusalimia. Mimi huwaogopa watu wanaovaa tai nyumbani kwao.

Kanda zake zilijaa ukuta mzima wa sebule, kwenye rafu alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za vitanda vilivyotupwa. Zote zilikuwa za muziki wa Waayalandi, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la kweli la mwanamuziki. Kila moja ilikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya maandishi ya zamani, na juu ya karatasi hiyo, kwa mwandiko wake wa kalamu ya wino, jina la Kiswahili. Bibi wa Jikoni alikuwa mama mmoja aliyeimba bila chombo chochote kwa lugha yao ya asili, na ukisikiliza vizuri unasikia sufuria ikichemka nyuma yake. Kiwiko alikuwa mpiga zumari, ile ya kwao ambayo haipulizwi kwa mdomo, mfuko wake hubanwa kwa kiwiko. Wanaume wa Sweta walikuwa kundi la wenye ndevu walioimba nyimbo za kunywea, wakipigiwa gitaa na banjo. Halafu kulikuwa na Msumeno, huyo wa fidla, na Vijana wa Gereji, ambao walikuwa bendi ya roki ya Belfast yenye hasira mpaka spika zinatetemeka. Hivi ndivyo nilivyojifunza muziki wa watu hawa. Mpaka leo mtu akinitajia mwanamuziki wa Ayalandi kwa jina lake halisi simjui, lakini nikimsikia redioni nasema moyoni, ala, huyu si Kiwiko?

Nilimwuliza kwa nini ameziba majina. Alisema wino wa zamani ulififia. Nilikubali, ingawa niliona kwenye kona ya kanda moja karatasi imenyanyuka, na chini yake maandishi ya zamani yako vilevile, meusi kabisa.

Alikuwa na masharti ya kusikiliza. Hakuna kula wakati Bibi wa Jikoni anaimba. Hakuna kupiga makofi, hata wimbo ukiwa mtamu vipi, kwa sababu kwenye nyumba za Waayalandi alikojifunzia, wimbo ukiisha watu hunyamaza kidogo, halafu mmoja husema polepole yale maneno mawili, mtu mzuri. Yeye aliyatafsiri mwenyewe na akawa anayasema kwa kila kitu. Fundi akimaliza kurekebisha bomba, mtu mzuri. Dereva wa basi akimsubiri, mtu mzuri. Aliwahi kumwambia hivyo paka wa jirani aliyekamata panya.

Desturi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mwito. Kulikuwa na kanda moja iliyorekodiwa sebuleni kwa watu, na baada ya kila wimbo unasikia kimya, halafu sauti inataja jina.

"Hapo anaitwa," alinieleza. "Mwenye nyumba ndiye huanza kuita. Ukishaimba, wewe ndiye unayemtaja wa kuimba baada yako. Na ukiitwa, Sista, hukatai. Hata kama una sauti ya chura, unaimba. Na usipoitwa, huimbi."

"Hata kama wewe ndiye mwimbaji mzuri kuliko wote?"

"Huimbi."

Nilimwambia ni sheria ya kipuuzi. Kanisani kwetu mtu akisikia kuimba anasimama anaimba, na ndiyo maana ibada haiishi. Alicheka, kicheko chake cha puani. Yeye alijua kwamba kwaya yetu ilikuwa imenitoa kwenye safu ya sauti ya pili na kunipa kazi ya kupika chai.

Kwa habari ya roki hakuwa na msimamo unaoeleweka. Alisema muziki huishia pale waya wa umeme unapoanzia, halafu siku hiyohiyo ungemkuta amewaweka Vijana wa Gereji kwa sauti ya kuangusha picha ukutani. Kulikuwa na kundi jingine lililochanganya filimbi za kizamani na gitaa la umeme, na hilo alilisema vibaya kila mara alipolisikiliza, na alilisikiliza kila mara. Ilinichukua miezi kugundua kwamba roki ilikuwa ya siku za mechi. Uwanja wa mpira uko karibu na mtaa wetu, na mechi ikiwepo barabara hujaa wanaume wanaoimba na kupiga kelele. Siku hizo Mzee alifunga mapazia mchana, akafunga mlango kwa makomeo mawili, akawapandisha Vijana wa Gereji mpaka mwisho. Niliwahi kumpelekea chapati nusu saa baada ya mechi kuisha. Alinifungulia, akanivuta ndani kwa mkono wa koti.

"Wanapita tu, Mzee," nilimwambia. "Timu yao imeshinda."

"Wakishinda au wakishindwa, watu wengi wakishaanza kupiga kelele pamoja ni walewale."

Kwetu sisi, yaani Wakenya na Watanzania na hata Wakongo wa Newtown, alikuwa mtu wa kutegemewa na mtu wa kuudhi. Mgeni akiteremka kwenye kituo cha mabasi Digbeth bila mwenyeji, Mzee ndiye aliyempokea na blanketi mkononi. Mtu akilazwa na hana ndugu, Mzee ndiye aliyekaa kando ya kitanda akimsomea gazeti. Na hapohapo angekutukana mbele ya watu kwa sababu ya chai nyepesi. Lakini hasira yake ya kweli niliiona mara moja tu. Tulikuwa ukumbini baada ya ibada, na polisi walikuwa wamepiga simu kuuliza kama tunamfahamu kijana mmoja aliyekamatwa. Katibu wetu, mtu mpole, akasema, "Waambie hatumjui huyo, tusije tukaingia kwenye shida." Mzee alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Usiseme humjui! Amekula hapa Jumapili tatu. Sema unamjua, halafu sema alilolifanya ni baya. Lakini usiseme humjui."

Alikuwa analia. Tulitazama vikombe vyetu. Nilidhani ni uzee.

Jumapili zake zenyewe zilikuwa fumbo kwetu. Ibada ikiisha alikunywa chai nusu kikombe, akavaa kofia, akaondoka, na hakuna aliyejua anakwenda wapi. Wengine walisema ana mwanamke. Mimi nilimwona kwa bahati, nikiwa ndani ya basi linalopita Digbeth, mwaka ule sigara zilipokatazwa ndani ya baa. Alikuwa amesimama kwenye baridi kando ya gereji ya matairi iliyofungwa, mikono mfukoni, akiitazama baa ya Waayalandi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Wavuta sigara walikuwa wamesimama mlangoni, na kila mlango ulipofunguliwa muziki ulitoka kidogo. Niliteremka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu. Aliponiona hakushtuka. Alisema tu, "Zamani nilikuwa nasimama palepale dirishani. Sasa hawa wa sigara wamenifukuza mpaka huku."

"Kwa nini huingii?"

"Yumo ndani mtu anayenijua."

Alinisimulia tukiwa tumesimama palepale, macho yake yako kwenye ule mlango. Nitayaandika kwa ufupi, kwa sababu naye aliyasema kwa ufupi. Alipofika Birmingham kijana, hakuna aliyetaka kumpangisha chumba isipokuwa mjane mmoja wa Kiayalandi kule Sparkhill. Alichangia chumba na kijana wa Donegal, mpiga fidla, na wote wawili walifanya kazi mstari mmoja kwenye kiwanda cha magari. Miaka miwili walikula sahani moja. Jumapili mchana watu walikusanyika jikoni kwa mjane, wakapiga na kuimba, na huyo mwenzake ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Jumapili moja mwenzake alimaliza kuimba, akamgeukia akamwita. Alimtaka aimbe wimbo wa kwao, wa Kiafrika, wowote. Mzee aliona haya. Akasema, "Jumapili ijayo." Watu walimcheka, wakamsamehe, na mwenzake akamwambia, haya, mwito wako uko palepale, Jumapili ijayo.

Alhamisi yake mabomu yakalipuka katika baa mbili katikati ya mji, watu wakafa, ikasemwa waliotega ni Waayalandi wanaopigana na Uingereza, na mji mzima ukawageukia Waayalandi waliokuwemo, wenye hatia na wasio na hatia.

"Kiwandani walizima mashine," Mzee alisema. "Wanaume wakakusanyika, wakaanza kupiga kelele. Wakamzunguka. Halafu mmoja akanigeukia mimi akaniuliza, huyu si mwenzako? Nikasema, simjui. Nikasema, sijawahi kumwona."

"Na mlikuwa mnafanya kazi mstari mmoja."

"Bega kwa bega. Kila mtu pale alijua nadanganya. Na yeye alikuwa ananiangalia."

Walimkanyaga mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi. Mzee alirudi nyumbani, akafungasha nguo zake na kanda, akahama kabla mwenzake hajatoka hospitali. Akiwa kwenye chumba kipya ndipo alipoanza kubandika karatasi juu ya majina, usiku hadi usiku, ili mtu akiingia asijue anasikiliza nini. Baadaye hofu iliisha lakini karatasi zilibaki.

Nilimwambia lile ambalo mtu yeyote angesema, kwamba alikuwa kijana, kwamba alikuwa mweusi peke yake katikati ya watu wenye hasira, kwamba wangemuua na yeye. Alitikisa kichwa.

"Usinisaidie, Sista. Mimi nilikuwa kiwanda kile miaka miwili, na kila siku aliyekuwa anaangaliwa ni mimi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa anaangaliwa mwingine. Na nilifurahi. Dakika moja tu, lakini nilifurahi."

Sikumpenda siku ile. Nasema ukweli. Nilipanda basi peke yangu, na wiki nzima sikugonga mlango wake.

Kilichonirudisha ni sauti. Nilikuwa nimeona kwa miezi kwamba inakwaruza, na yeye alisema ni baridi ya Digbeth. Sasa nilimsikia kupitia ukutani akijaribu kusema mtu mzuri na yakatoka maneno nusu. Kazi yangu ni wodi, nilijua hicho si kikohozi. Nilimburuta kwa daktari, daktari akampeleka kwa mtaalamu, na mtaalamu akasema bila kuzunguka kwamba ni saratani ya koo, na kwamba watalitoa koromeo lote. Angepumua kwa tundu shingoni. Angeishi, Mungu akipenda, ila sauti ingeondoka siku hiyohiyo ya upasuaji. Tarehe ilipangwa Jumanne, baada ya Jumapili mbili.

Tulitoka nje tukasimama penye maegesho. Mzee alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Jumapili mbili," alisema.

Nilielewa alichokuwa anakihesabu. Wimbo ule alioombwa, kwa miaka zaidi ya thelathini hakuwa ameuimba, na sasa ilibidi auimbe mbele ya yule aliyemwita au auzike na koo lake. Hakuniambia ni wimbo gani. Alisema tu kwamba ulikuwa wa mama yake, wa Kitaita, na kwamba alikuwa ameuchagua usiku uleule alioitwa.

Jumapili ya kwanza alifika mpaka gereji ya matairi akakwama hapo. Nilikuwa naye. Alisema mguu unamwuma.

Jumapili ya pili nilimwomba Abdi atupeleke. Abdi ni Msomali wa Garissa, dereva wa teksi, aliyempenda Mzee kwa sababu ndiye aliyempokea Digbeth siku ya kwanza. Mzee alivaa suti nyeusi na tai ya mistari. Njia nzima hakusema neno, alikuwa anaitunza sauti. Abdi alisimamisha gari mbele kabisa ya mlango wa baa, watu wa sigara wakaruka pembeni.

"Mzee, hapa ni double yellow, hakuna kupark, so ingia sasa hivi kabla sijapigwa ticket," alisema. "Ukienda kusimama kwa hiyo garage tena, wallahi nakubeba mgongoni nakuingiza."

Mzee akaingia.

Ilikuwa saa tisa mchana, na mwanga wa dirishani ulianguka kwenye meza ya wanamuziki. Kulikuwa na fidla mbili, akodioni, ngoma ya ngozi ya mbuzi, na msichana wa filimbi ambaye umri wake haukufika hata nusu ya wale wengine. Yule mwenzake nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Alikaa kwenye kona, mzee mwekundu wa uso, mwenye nywele nyeupe, mkono wa kushoto ameuweka juu ya paja na vidole viwili vyake haviwezi kukunjwa. Hakuwa na fidla. Tulikaa karibu na mlango na gilasi zetu za soda ya limau. Aliinua macho akamwona Mzee, na macho yakakaa hapo. Halafu akayarudisha mezani.

Walipiga, kisha wakaanza kuimba. Wote walimtegemea yeye kama mwenye nyumba. Aliimba wa kwanza, amefumba macho, sauti nyembamba isiyotetemeka. Baa nzima ilinyamaza, hata mtu wa kaunta aliacha kugusa gilasi. Alipomaliza, mtu akasema yale maneno mawili kwa Kiingereza, nikasikia Mzee kando yangu akiyasema kwa Kiswahili. Ukaja ule ukimya wa mwito. Mzee alikaa wima, mikono juu ya magoti. Mwenzake aligeuza kichwa taratibu akatuangalia sisi, akaangalia dirisha, akamwita msichana wa filimbi.

Msichana akaimba, akamwita mama wa akodioni. Mama wa akodioni akaimba wimbo mfupi wa kuchekesha, na alipomaliza macho yake yakamwangukia mzee wa Kiafrika aliyevaa suti Jumapili mchana. Nilimwona uso wake ukifurahi. Kabla ya kumwita, kwa adabu, alimwuliza yule mzee wa kona.

"Yule bwana mlangoni, ni rafiki yako? Anaimba?"

Mwenzake aliinua kichwa. Alimwangalia Mzee moja kwa moja, na alipozungumza alizungumza polepole, kila neno peke yake.

"Simjui," alisema. "Sijawahi kumwona."

Mama wa akodioni aliona aibu, akamwita mtu mwingine.

Nilimshika Mzee kiwiko. Kwa hasira nikamwambia kwa Kiswahili, na sikujali nani anasikia, "Simama uimbe! Keshokutwa huna sauti. Nani atakuzuia? Imba!"

"Sijaitwa," alisema.

Tulikaa mpaka mwisho. Nyimbo zilizunguka meza nzima, na hakuna aliyetuita. Walipoanza kufunga vyombo Mzee alisimama, akavua kofia, akainama kidogo kuelekea kona ile, akatoka. Kwenye gari Abdi aliuliza imekuwaje, na mimi nikamwambia endesha tu.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama madaktari wanavyosema. Aliishi mpaka mwisho wa majira ya baridi yaliyofuata, na kanda sasa ziko kwangu, karatasi zake sijazibandua. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Mzee wa wiki ile ya pili baada ya upasuaji, nilipotoka kwenye wodi yangu saa ya chakula cha mchana nikapanda ngazi kwenda kwenye yake. Alikuwa ameegemea mito, bandeji shingoni, mrija umetoka puani, na ubao mdogo mweupe kifuani wa kuandikia. Nilikuwa bado nimebeba hasira. Nikamwambia yule rafiki yake ni mtu mbaya, mtu wa kinyongo, asingepungukiwa na chochote kwa wimbo mmoja.

Aliandika, akanigeuzia ubao. *Alinijua.*

"Alisema hakujui, Mzee. Nilisikia kwa masikio yangu."

Alifuta kwa kiganja, akaandika tena, herufi zikishuka upande mmoja. *Maneno yangu yaleyale. Ameyatunza.*

Nilitengeneza shuka ambayo haikuhitaji kutengenezwa. Alinigonga mkono kwa kalamu, akaninyooshea kidole kifuani, halafu akaandika, *Imba.*

"Mimi? Kwaya yenyewe ilinipa birika. Na wewe hujaimba, huwezi kuniita."

*Kitanda changu,* aliandika. *Mwenye nyumba huanza.*

Nikaitwa, sikukataa. Niliimba wimbo aliotuimbia nyanya yangu wa Kikamba tukiwa wadogo, niliuimba vibaya, nikapotea katikati nikaurudia. Kitanda cha pili mtu alishusha gazeti lake. Nilipomaliza, Mzee alitembeza midomo, na nilijua amesema nini.

Halafu ukimya ukaja, na ndani yake nikakumbuka kwamba mwito sasa ni wangu. Wodi ilikuwa na wagonjwa wanne, na yeyote kati yao ningeweza kumtaja kwa utani yakaisha. Nilijua nikimwita Mzee nitamtesa. Nilijua pia kwamba miaka yote ile alisimama kwenye gereji ya matairi akisubiri mtu afungue mlango aseme jina lake.

"Namwita Mzee wa Kanda," nilisema. "Wimbo wa kwao. Wowote."

Akauweka ubao kando, akajisukuma mpaka akakaa wima, akaweka mikono juu ya magoti chini ya shuka, akafumba macho. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka ila pumzi kwenye tundu la shingo, lakini midomo ilikwenda, beti baada ya beti, na kidole kimoja kikapiga mapigo kwenye goti. Sikijui Kitaita, na hata ningekijua nisingeweza kuusoma midomoni. Uliendelea kwa muda mrefu. Muuguzi mwenzangu alikuja na trei ya dawa, akatuona, akavuta pazia akaondoka.

Alipomaliza hakufumbua macho. Sikupiga makofi. Nilinyamaza kidogo, kama alivyonifundisha, halafu nikasema, "Mtu mzuri."